Eti Misuli ya Hiari

Kabla hamjaletewa toleo la mwenzangu wa meza ya jirani pale ofisi ya walimu, niseme mapema: sikulia. Machozi yalitoka, ndiyo. Lakini machozi hutolewa na tezi, na mada ya jana ilikuwa misuli, kwa hiyo hayahusiki.

Haya. Misuli laini nilikuwa nimeimaliza vizuri tu, ile ya kuta za tumbo, utumbo na mishipa ya damu, isiyo na milia, inayofanya kazi polepole bila kungoja amri ya mtu. Ya moyo nayo ikapita salama: ina milia, seli zake zina matawi, na haijaomba likizo tangu ukiwa tumboni mwa mama yako. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini mimi na kimbelembele!

"Sasa hii misuli ya mifupa," nikasema huku nakunja suruali hadi gotini (msiniulize kwa nini), "ni watumishi wako. Iko zaidi ya 600, na hakuna hata mmoja unaojikunja bila wewe kuamua."

Nikasimama kwa ncha za vidole. Kigimbi kikajitokeza. Darasa kimya. Nikaona nimewapata, nikajiinua zaidi, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Kwenye tatu nikahisi kitu kinatambaa ndani ya mguu kama panya chini ya shuka. Nne sikuimaliza. Kigimbi kilijikusanya, kikawa jiwe, kikapanda kuelekea gotini, na mimi nikakifuata huko kinakokwenda. Nikashika ubao. Ubao hauna pa kushika. Nikateremka nao taratibu, shavu langu likifuta mchoro wa moyo chumba kimoja kimoja, vyote vinne, na sauti iliyonitoka mwenzangu anasema ni ya mbuzi. Mimi nasema ilikuwa pumzi.

Kikasikika kisauti cha adabu kabisa: "Mwalimu, na huo ni wa hiari?"

(Wewe unayeandika "pole sana" huku unacheka, nakuona.)

Kinachoniuma zaidi ya mguu ni kwamba dawa naijua. Msuli huvuta tu, hausukumi, ndiyo maana hufanya kazi kwa jozi. Kigimbi kikikaza, unavuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, kinanyooka, kinalegea. Pale sakafuni sikukumbuka hata jina la mguu. Aliyeniokoa ni mtoro sugu wa mstari wa nyuma. Akaja bila haraka, akashika kisigino kwa mkono mmoja, akasukuma vidole kwa mwingine, jiwe likayeyuka. "Ulifundisha wiki iliyopita, mwalimu," akasema. Wiki iliyopita! Kumbe alikuwepo.

Kilichofuata ni kengele, kuchechemea, na ofisi nzima inanipigia makofi.

Leo asubuhi nikatoa jaribio fupi ili nirudishe nidhamu. Swali la kwanza: taja msuli mmoja wa hiari. Wanne wameandika neno kwa neno: "Wowote, isipokuwa kigimbi cha mwalimu."

Nimewapa alama. Nimeshindwa kupata hoja ya kuwakosesha.