Kasha la bibi si la msaji, wala sioni haya

Nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, ina kasha ambalo kila aliyelelewa pale ameambiwa ni la msaji, yaani mtiki, wa Bara Hindi. Bibi aliambiwa na mamake, akamwambia mama, nami nikawaambia wageni kwa fahari ileile. Mwaka jana dari lilivuja, tukalihamisha kwa haraka, na mguu mmoja ukavunjika. Tukamwita fundi seremala, mzee wa Langoni. Aliuokota mguu, akaupima uzito mkononi, kisha akapageuza pale palipovunjika akapatazama kitambo kirefu.

"Nani aliyewaambia hili ni msaji?"

"Wazee wetu, fundi," mama akajibu.

"Wazee hawakuongopa, ndivyo walivyoambiwa. Lakini huu ni bambakofi." Akanigeukia mimi. "Ndoo hapa utizame, mwanangu. Usiuangalie uso. Rangi hudanganya mato."

Hakuishia kwenye mguu. Alisema mguu huenda uliwahi kubadilishwa, maana fanicha kuukuu haina mti mmoja: kifuniko kinaweza kuwa hiki, ubao wa chini kile, na kisanduku cha ndani kikatoka kwenye kreti ya chai. Akaingia chini ya kasha na tochi, akakagua kila ubao. Wote bambakofi, ila vipande viwili vya nyuma ambavyo ni mvule.

Tangu siku ile jambo hili halinitoki. Sisi watu wa Lamu tunazijua fanicha zetu kwa sura, tunajua ni mahari ya nani na iliingia nyumba gani mwaka gani, lakini mti wenyewe tunauita kwa rangi. Cheusi ni mpingo. Cha kahawia kilichoiva ni msaji. Chekundu tunakiita mahogani. Nadhani ni kosa, na linatugharimu.

Hebu fikiria rangi inatoka wapi. Ubao wa mvule ukikatwa leo ni wa manjano. Hewa na mwanga vinaugeuza kahawia. Uongeze moshi wa udi, mafuta ya nazi, mikono ya vizazi vitatu, na vanishi ya fundi aliyepita miaka ya nyuma. Mwisho wake mvule, msaji na bambakofi hufanana kama ndugu. Ukiutazama uso wa kasha unautazama umri wake na mafuta yake. Mti haujajionyesha bado.

Mti hujionyesha pale msumeno ulipokata kuvuka nyuzi: kwenye kichwa cha ubao, chini ya mguu, nyuma ya mtoto wa meza. Chagua pahali pasipoonekana, ukate utando mwembamba kwa wembe mkali hadi pawe laini kama sabuni, upalowanishe kwa ncha ya kidole. Kisha uazime ile lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Utaona vitundu, yaani mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Katika msaji, vitundu vikubwa vimejipanga kwa mstari kila msimu wa kukua ulipoanza, halafu vinafuata vidogo. Katika bambakofi vimetawanyika, na kila kitundu kimezungukwa na doa jeupejeupe lenye ncha pembeni, mfano wa jicho. Vingine vimejaa unga wa manjano au mweupe. Mvule nao una madoa kama hayo, lakini yanashikana na kuwa mistari ya mawimbi. Mara nyingine ndani yake kuna jiwe, jiwe kweli, linalovunja meno ya msumeno. Mpingo hauna haya yote: vitundu vyake ni vidogo mno, na weusi wake ukiutazama vizuri una uzambarau na michirizi ya kahawia.

Mkono na pua navyo vinasaidia. Msaji una mafuta unapoupapasa, na ukiukwangua hutoa harufu ya ngozi kuukuu. Bambakofi kwa kawaida ni mzito kuliko msaji. Kipande cha kiini cha mpingo ukikitia kwenye ndoo ya maji huzama.

Hilo la kuzama lingemwokoa jamaa yangu mmoja. Alikuwa na kiti cha enzi, kile cha mgongo mrefu, kilichosukwa kamba na kupambwa kwa vipande vya pembe. Mnunuzi alikikwangua kidogo kwenye ukingo wa mguu, akamwonyesha rangi ya manjano, akamwambia hiki ni mti wa ovyo uliopakwa rangi. Jamaa akakiachia kwa bei ya kiti cha plastiki. Ile manjano ilikuwa ni sehemu ya nje ya mpingo, iliyo kati ya ganda na kiini, ambayo kwa asili yake ni nyeupe ya kuelekea manjano. Kipande kile kilikuwa dalili ya mpingo wa kweli! Wakati huohuo nimeona viti vya mti laini vilivyopakwa rangi ya viatu vikiuzwa kwa watalii kwa jina la mpingo, na anayeuliza anajibiwa kwa kiapo.

Na anayetaka kuuza ajue kuna sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 nazo zinalindwa. Mpingo wenyewe, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, uliingia mwaka 2017 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kujua jina la mti si jambo la mapambo tu.

Lakini kilichoniuma siku ile ni uso wa mama. Aliuliza polepole, "Kwa hivyo si la Bara Hindi?" kana kwamba kasha limeshushwa cheo mbele yake. Namwelewa. Msaji ulikuja na majahazi ya kaskazi, na kilichovuka bahari kilikuwa na heshima. Bambakofi unaota kwetu, mpaka leo upo katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule kusini ya Malindi. Mti wa jirani nani ataujivunia?

Mimi najivunia. Makasha mengi ya pwani kweli yaliletwa kutoka Bara Hindi, na mbao za msaji nazo zililetwa zikachongwa hukuhuku, kwa hivyo msaji peke yake haukwambii kazi ilifanywa wapi. Lakini kasha lililoundwa kwa bambakofi na kuzibwa nyuma kwa mvule, ni vigumu mno kuamini lilitoka Surat au Bombay. Lilitengenezwa na mikono ya pwani hii. Ikiwa ni Siyu ya kisiwa cha Pate, iliyosifika kwa mafundi wake katika karne ya 19, au ni mitaa miwili kutoka kwetu, ubao hausemi. Kutwa tunasimulia ustadi wa mafundi wa zamani, na kazi yao ikikaa chumbani mwetu tunaipa nasaba ya watu wengine.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa wenye nyumba: msikimbilie msasa. Nimeona samadari ya zamani ikikwanguliwa hadi ikawa nyeupe, ikapigwa vanishi ya kung'aa, na alama za patasi ya fundi wa kwanza zikaenda na vumbi. Mpe fundi atazame chini kwanza, ataje mti, aandike kwa penseli mgongoni mwa ubao. Na mafundi wa leo waandike jina la mti chini ya kila kitu wanachouza.

Sisi tumeandika. Mama ndiye aliyeshika penseli, baada ya kukumbuka jambo. Bibi hakuwahi kuweka kanzu ya babu ndani ya kasha lile bila kutandika shuka kuukuu kwanza, kwa sababu miezi ya unyevu nguo nyeupe zilitoka na madoa ya manjano. Sote tulilaumu udi. Fundi alicheka aliposikia. Bambakofi ukipata unyevu hutoa rangi ya manjano, alisema, na hushika kwenye nguo. Shuka lile bado lipo. Mama alilitoa, akalikunjua mlangoni penye mwanga, na madoa yamepangika juu yake upana wa ubao kwa ubao.