Wakorea Wanahesabu Damu, Sisi Tunahesabu Pasipoti

Ukitaka kumfurahisha Mkorea, mtajie Mkorea aliyefanikiwa ng'ambo. Si lazima huyo mtu ajue hata neno moja la Kikorea. Fleur Pellerin alitoka Seoul akiwa na miezi 6, akalelewa na wazazi wa Kifaransa, na alipoingia katika baraza la mawaziri la Ufaransa mwaka 2012, huku Korea alishangiliwa kama binti wa nyumbani. Mwaka huohuo Jim Yong Kim, aliyehamia Marekani akiwa na miaka 5, akawa rais wa Benki ya Dunia. Wakati huo mimi sikuwa nimefika Korea, lakini hadi leo majina hayo nayasikia kazini, tena mtu anayataja kifua mbele, utadhani ni shangazi na mjomba wake.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ansan, kusini-magharibi mwa Seoul. Nilikuja kusoma, nikabaki kikazi. Tabia hii ya kuwadai watu wa damu popote walipo inanivutia, na inanikera vilevile. Inanivutia kwa kuwa nyumbani hatunayo. Inanikera nikiangalia ni nani anayeingizwa kwenye hesabu, na anaingizwa lini.

Tuanze na majirani zangu. Pita mtaa wa Ttaetgol, hapahapa Ansan, jioni watu wanapotoka viwandani. Sura za Kikorea, mazungumzo ya Kirusi. Vibao vya maduka vina herufi za Kirusi, na mkate unaouzwa ni ule wa duara wa Uzbekistan. Hawa ni wajukuu na vitukuu wa Wakorea waliovuka kwenda mashariki ya mbali ya Urusi, kwanza kwa njaa, baadaye kwa kuukimbia ukoloni wa Wajapani. Mwaka 1937 Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliwashuku kuwa wangewapelelezia Wajapani haohao. Watu wapatao 172,000 wakasombwa kwa mabehewa ya mizigo hadi Kazakhstan na Uzbekistan, na wengi walikufa njiani na katika majira ya baridi ya kwanza.

Katika jamii hiyo ndimo alimotoka mwimbaji wa roki Viktor Tsoi, baba Mkorea wa ukoo wa Kazakhstan na mama Mrusi, aliyezaliwa Leningrad mwaka 1962. Bendi yake ya Kino ilikuwa sauti ya vijana wa Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unaelekea kuvunjika. Alikufa kwa ajali ya gari huko Latvia tarehe 15 Agosti 1990, akiwa na miaka 28. Nchi nzima ya Kisovieti ilimlilia. Wenzangu kazini, wanaojua tarehe ya kuzaliwa ya kila msichana wa kundi la K-pop, walinitazama tu nilipomtaja.

Huko Kazakhstan ndiko pia alikomalizikia Hong Beom-do. Huyu alikuwa jemadari wa wapigania uhuru, aliyewachapa wanajeshi wa Japani huko Manchuria mwaka 1920. Naye alipakiwa kwenye treni kama wengine, akaishia kuwa mlinzi wa jumba la maonyesho mjini Kyzylorda, akafa mwaka 1943, miaka 2 kabla nchi yake haijapata uhuru. Agosti 2021 masalia yake yalirudishwa kwa ndege ya jeshi, ndege za kivita zikiisindikiza angani. Heshima kubwa, sikatai. Mwaka 2023 wanasiasa wakaanza kugombania sanamu yake iliyopo chuo cha kijeshi, kisa eti aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti cha Kisovieti. Wakati huo wajukuu wa waliosombwa pamoja naye wanapiga zamu za usiku katika viwanda vya Ansan, na Mkorea wa hapa akiwasikia wanaongea anawaita Warusi.

Sheria nayo iliwasahau. Mwaka 1999 Korea Kusini ilitunga sheria ya kuwapa ndugu zao wa ng'ambo haki ya kuja, kukaa na kufanya kazi, lakini iliandikwa kwa namna iliyowabeba zaidi wa Marekani na kuwaacha wa China na wa nchi zilizokuwa za Kisovieti. Mahakama ya Katiba iliikosoa mwaka 2001, ikarekebishwa mwaka 2004. Hata hivyo hesabu iliishia kizazi cha tatu. Kizazi cha nne kilingoja hadi 2019. Ninaeleza haya yote kwa sababu Watanzania wenzangu husema "Wakorea wanapendana" kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni. Watu walikwenda mahakamani.

Halafu kuna hili la wakati. Sammy Lee, mtoto wa wahamiaji wa Kikorea aliyezaliwa Fresno, California, mwaka 1920, alijifunza kupiga mbizi katika bwawa la Pasadena ambalo watu wasio weupe waliruhusiwa siku moja tu kwa wiki, kisha maji yanamwagwa. Siku nyingine kocha alimchimbia shimo la mchanga, akawa anarukia humo. Akasomea udaktari, akatwaa dhahabu ya Olimpiki London 1948 na tena Helsinki 1952. Wamarekani walimbagua, hilo linajulikana na linasimuliwa sana hapa.

Lisilosimuliwa kwa raha ni la Hines Ward. Alizaliwa Seoul mwaka 1976, mama Mkorea, baba askari Mmarekani mweusi, akapelekwa Marekani akiwa mdogo. Februari 2006 alichaguliwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani. Miezi miwili baadaye alitua Seoul na mama yake, akapokewa na wakubwa wa nchi, akapewa uraia wa heshima wa jiji. Watoto wa aina yake waliokuwa wamebaki Korea walikulia katika kutengwa na kuzomewa shuleni, na wengi walipelekwa nje kulelewa na wageni. Ward mwenyewe alilisema hilo bila kificho, akaanzisha mfuko wa kuwasaidia. Nilipoisoma habari yake niliwafikiria wanangu. Je, mtoto mweusi wa Ansan mpaka ashinde fainali ndipo aambiwe karibu?

Na daftari hili la kuhesabu watu wa damu lina kifutio. Mwimbaji Yoo Seung-jun alichukua uraia wa Marekani mwaka 2002 muda mfupi kabla ya kuitwa jeshini, utumishi ambao ni wa lazima kwa wanaume wa Korea, akazuiwa kuingia nchini, na ingawa ameshinda kesi mahakamani bado anasumbuliwa na viza. Mteleza barafu Ahn Hyun-soo, aliyeiletea Korea dhahabu 3 mwaka 2006, alihamia Urusi, akajiita Viktor An, akawapa Warusi dhahabu 3 nyumbani kwao Sochi mwaka 2014. Mpaka leo ukimtaja kwenye meza ya chakula watu wazima wanagombana.

Sasa turudi kwetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948 mwenye uraia wa Uingereza, alipopata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, pongezi zilimiminika kutoka Dar na Unguja. Siku ya pili tukaanza kuulizana mitandaoni kama ni wetu. Wakorea wasingeuliza. Kwa sheria yetu, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania umekwisha. Kenya waliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010, na sijasikia kwamba nchi imeuzwa. Sisi kwa miaka mingi tulimwambia kijana aliyezaliwa Mbeya, ambaye mama yake bado yuko Mbeya, kwamba aombe viza kwenda kumzika bibi yake, na kiwanja alichokipalilia utotoni asikimiliki kama raia. Hadhi maalumu iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 ni afadhali, lakini ni afadhali ya mgeni aliyependelewa.

Ila kuna jambo moja ambalo ningependa Wakorea walijue kuhusu sisi. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa Kirundi wapatao 162,000, wale waliokimbia mauaji ya 1972, na watoto wao waliozaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Damu haikuulizwa. Walilima, walilipa kodi, watoto walisoma shule zetu, wakawa Watanzania. Nikiwasimulia wenzangu wa hapa hawaamini, wanadhani nimekosea kutaja sifuri.

Korea kitu kinachokaribia hapo ni Wilson Loyanae Erupe, Mturkana wa Kenya aliyeshinda marathoni ya Seoul zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 walimkatalia uraia, kwa kuwa aliwahi kufungiwa kwa dawa zilizokatazwa, mwaka 2018 wakampa, akajiita Oh Joo-han. Agosti 2021 aliikimbilia Korea katika Olimpiki, akaumia paja, akaacha mbio katikati. Tangu hapo kazini sijamsikia akitajwa hata mara moja.

Mimi ningechukua ile sheria ya 2019 ya Korea niipeleke Dodoma, na ile ya Katumba niilete Seoul. Nikiulizwa ni ipi ngumu zaidi kusafirisha, nitasema hii ya pili, maana Bunge letu likiamua linaweza kurekebisha sheria yake katika kikao kimoja. Mwanangu amezaliwa Ansan, na kuzaliwa hapa hakukumpa chochote kwa sheria za Korea, kibali chake kinategemea changu. Mwenzake wa darasani amekuja juzi kutoka Tashkent, Kikorea hajui, lakini ana haki ya kukaa kupitia babu wa babu yake. Mwalimu amewakalisha dawati moja ili wangu amfundishe Kikorea.