Njooni na mwaka wa tano

Kijijini kwa mama mkubwa, wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kisima cha pampu kilizinduliwa kwa ngoma na mbuzi wawili. Nilikuwepo. Mama mkubwa alikinga maji ya kwanza kwa viganja vyake, akanawa uso, machozi yakamtoka. Maisha yake yote alikuwa ameteka maji kinamasini, pale pale ng'ombe wanaponywea. Kwa hiyo anayesema misaada ya mashirika haina faida yoyote vijijini kwetu, mimi simo. Niliiona faida kwa macho yangu siku ile.

Miaka minne baadaye nilirudi kwa mazishi ya mjomba. Asubuhi nikaenda kisimani kuteka maji ya kuoga, nikapiga mkono wa pampu mpaka bega likaniuma, maji yakatoka mekundu. Yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea na harufu ya msumari wa zamani. Mashati meupe ya shule yaliyofuliwa kwa maji hayo yalikuwa na madoa ya kutu yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Chai ilikuwa nyeusi, ugali una rangi. Wanawake walikuwa wameshabeba jerikeni zao na kurudi kinamasini, kimya kimya, bila kumlalamikia mtu.

Fundi wa pampu alikuwa amevua bomba moja na kuliegemeza kwenye mti. "Mwalimu, hebu shika hapa," akaniambia. Nilibonyeza kwa kidole gumba, chuma kikamomonyoka kama udongo mkavu. Lilikuwa bomba la chuma lililopakwa zinki. Sehemu nyingi za Uganda maji ya chini ya ardhi yana asidi, na asidi hiyo huila zinki kwanza, kisha chuma chenyewe. Jambo hili linajulikana. Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba ya aina hiyo mwaka 2016. Yapo mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yana bei zaidi lakini yanadumu. Kupima asidi ya maji kabla ya kuchagua bomba ni kazi ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kuchimba. Walioleta kisima chetu hawakupima, au walipima wakanyamaza. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyerudi kuonja maji yake.

Sasa fuata maji hayo yanakokwenda. Maji ya kinamasi lazima yachemshwe, na kuchemsha ni kuni. Kuni za karibu zilikwisha zamani, hivyo mtoto wa kike wa darasa la tano anaamka gizani, anateka maji, anatafuta kuni, anafika shuleni vipindi viwili vimepita. Siku ambayo kuni hazikupatikana, maji yananywewa hivyo hivyo, na mdogo wake anaharisha. Niambieni basi, hilo ni suala la afya, la elimu au la mazingira? Shirika lililotusaidia lina idara tatu, kila moja na gari lake na ripoti yake. Mama mkubwa ana jiko moja la mafiga matatu, na yote hayo yanakutana hapo.

Shuleni ni vivyo hivyo. Tangu UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, ianze mwaka 1997 watoto wetu wanaingia darasani bila karo, na hilo limebadilisha nchi. Lakini chakula cha mchana sheria imewaachia wazazi, na sufuria ya uji wa shule inakula kuni kuliko nyumba kumi. Katika shule niliyofundisha, kila Ijumaa kila mtoto alikuja na ukuni mmoja begani. Nikiwa zamu getini nilizipokea kuni hizo, na wiki baada ya wiki niliziona zikizidi kuwa nyembamba, mpaka zikawa vijiti vya matawi mabichi. Jiko banifu la shule lingepunguza mzigo ule kwa kiasi kikubwa. Tuliahidiwa miche ya mikaratusi. Ililetwa, ikapandwa kando ya chemchemi, mti unaokunywa maji kama ule! Wazee walikuwa wameomba mivule.

Na VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji tulio nao tangu mwaka 2001? Wanatibu malaria ya watoto wadogo usiku, wanatembea kwa miguu, na wanaitwa wa kujitolea. Fulana mpya si mshahara. Hapo ningeweka pesa kabla ya kuweka kibao chochote cha jina la mfadhili.

Ombi langu kwa mashirika, na kwa ndugu zetu walioko Kampala na ughaibuni wanaochanga, ni hili: mkiwa na pesa za visima vitatu, chimbeni viwili. Za cha tatu ziwekeni kwa ajili ya mwaka wa tano, kwa mabomba, mipira ya pampu, nauli ya fundi, na mtu wa kurudi kuonja maji. Najua wafadhili wanapenda hesabu ya visima vilivyochimbwa. Wapeni hesabu ya visima vinavyotoa maji ya kunyweka.

Sisi wenyewe pia tuna deni. Kamati yetu ya maji ilikusanya shilingi elfu moja kwa kila nyumba kila mwezi, kisha daftari likaacha kusomwa hadharani, na watu wakaacha kutoa. Mwaka huu limerudi. Mama mkubwa ndiye analishika, na kila Jumapili jioni mjukuu wake analisoma kwa sauti chini ya mwembe, jina kwa jina.

Kisima kinahitaji mabomba 12 ya mita tatu tatu, safari hii yasiyoshika kutu. Fundi amesema hatadai malipo ya kazi yake. Mpaka Jumapili iliyopita tulikuwa na pesa za mabomba saba.