Hofu ya Ugonjwa: Je, Kila Mgonjwa wa Nje Aulizwe?

Wagonjwa 28,991 wa kliniki za nje katika hospitali kadhaa za Uingereza walipewa dodoso fupi la kupima hofu juu ya afya zao. Kati yao 5,769, yaani mmoja katika kila watano, walivuka kiwango kilichowekwa. Hawakuwa wamekuja kutibiwa akili. Walikuwa kwenye foleni za kliniki za moyo, mapafu, tumbo, mishipa ya fahamu na homoni. Utafiti huo, ulioongozwa na Peter Tyrer na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, unawapa nguvu wanaotaka kila mgonjwa wa nje aulizwe ana hofu kiasi gani.

Nusu ya moyo wangu iko upande wao. Anayeishi na hofu hii haigizi. Mapigo ya moyo anayasikia kweli, tumbo linamsokota kweli. Akiambiwa moyo wake hauna kasoro, hulala vizuri siku mbili tatu, kisha mkono unarudi shingoni kuhesabu mapigo, na wiki inayofuata yuko hospitali nyingine akiomba kipimo kilekile. Fedha zinakwisha, nyumbani wanamchoka. Mwaka 2023 watafiti wa Sweden walichapisha ufuatiliaji wa watu zaidi ya 4,000 waliothibitishwa na madaktari kuwa na hofu kali ya magonjwa. Waliofariki miongoni mwao walikuwa na umri wa wastani wa miaka 70, ilhali wale waliolinganishwa nao walifikia 75. Hatari ya kujiua ilikuwa karibu mara nne. Kumwambia mtu wa namna hii "huna kitu, nenda nyumbani" ni kumtelekeza.

Na tiba ipo. Tyrer na wenzake waliwagawa watu 444 kwa kura. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida, jingine likaongezewa vikao vichache vya mazungumzo ya kubadili fikra na mienendo. Baadhi ya waliotoa tiba hiyo walikuwa wauguzi waliofunzwa kwa kazi hiyo, jambo lenye maana kubwa kwa nchi zetu ambako daktari wa akili ni wa kutafutwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 13.9 ya waliopata mazungumzo walikuwa wamerudi kwenye hofu ya kawaida, dhidi ya asilimia 7.3 ya wengine.

Ni karibu mara mbili, ndiyo. Lakini maana yake pia ni kwamba watu zaidi ya 86 katika kila 100 waliopata tiba hawakufika huko. Na kutoka 5,769 hadi 444 ni safari ndefu: wengine hawakukidhi vigezo, wengine hawakutaka. Hao wa mwisho siwashangai. Umekuja kwa ajili ya kifua, unaambiwa ukazungumze na mtu kuhusu mawazo yako. Unasikia kwamba hujaaminiwa.

Hapo ndipo upande wa pili unaponishika. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilibadili mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili: ili mtu ahesabiwe ana tatizo la akili kwa sababu ya dalili za mwili, haikuwa lazima tena dalili hizo ziwe zimekosa maelezo ya kitabibu, ilitosha mgonjwa awe na mawazo, hisia au vitendo vilivyopita kiasi kuhusu dalili hizo. Allen Frances, aliyeongoza utayarishaji wa toleo lililotangulia, alipinga hadharani. Alionyesha kwamba katika majaribio ya vigezo hivyo, asilimia 15 ya wagonjwa wa saratani au moyo wangehesabiwa kuwa na tatizo la akili, na asilimia 7 ya watu wenye afya. Mgonjwa wa saratani awaze kiasi gani ndipo tuseme amezidisha?

Chukua mama ambaye tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na ugonjwa wenyewe humtia wasiwasi. Akijaza dodoso kabla ya kupimwa damu, anaweza kupata alama za juu. Neno "wasiwasi" likishaandikwa kwenye faili, kila daktari atakayelifungua baadaye atamwona mama kupitia neno hilo.

Kwetu kuna ugumu zaidi. Mswahili mwenye dhiki huisema kwa mwili: kichwa kinawaka moto, mwili unachoma, moyo unakwenda mbio. Dodoso la kuhesabu dalili kama PHQ-15 lina vipengele 15, kila kimoja alama 0 hadi 2, na alama 10 huhesabiwa mzigo wa kati. Mahali penye malaria na upungufu wa damu, uchovu, kichwa na kizunguzungu vinakusanya alama bila hofu yoyote kuhusika. Na aliyemzika kaka yake mwezi uliopita kwa presha ambayo hakuna aliyeijua, akiogopa presha, ana sababu.

Vigezo vya Wilson na Jungner, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, vinataka tiba iwepo kabla ya kuwasaka wagonjwa. Kwa kigezo hicho, kugawa dodoso mapokezini katika hospitali isiyo na mtu hata mmoja wa kuzungumza na wagonjwa ni kosa. Ningeuliza wachache: wale wanaorudi mara ya tatu, ya nne, vipimo vikiwa salama. Na ningeuliza ndani ya chumba cha daktari, baada ya kumkagua.

Mfano wa zamani unanivutia kuliko dodoso lolote. Mwaka 1986 G. Richard Smith na wenzake huko Marekani waliwaandikia barua madaktari wa wagonjwa 38 waliokuwa na malalamiko ya miaka mingi ya mwili. Barua iliwashauri wampangie mgonjwa tarehe za kurudi kila wiki nne hadi sita, iwe anaumwa au haumwi, wamkague mwili kila anapokuja, wapunguze vipimo visivyo na sababu, na wasimwambie kwamba yote yako kichwani mwake. Gharama za matibabu zilishuka kwa asilimia 53. Kazi ya aina hiyo hata tabibu wa zahanati anaweza kuianza, kwa kuandika tarehe ya kurudi kwenye kadi na siku hiyo kumgusa tena mgonjwa pale anaposema panauma.