Juggler ni tapeli au msanii?

Kuna watu ukiwatajia neno la Kiingereza juggler wanakwambia hilo lilikuwa jina la tapeli tangu zamani, habari za kurusha mipira ni za juzi tu. Hawajakosea. Zamani juggler alikuwa mtu wa mazingaombwe, hii maana ya mipira imeshika kwenye karne ya 19, na mpaka leo ukisikia mhasibu kafanya juggling ya mahesabu ujue kuna hela imeliwa.

Ila mie naona wamesoma nusu. Neno limetoka kwenye Kilatini ioculator, shina lake iocus, mzaha, likapitia Kifaransa ndo likafika Uingereza. Mtu wa utani bana, wizi uko wapi? Na Warumi hawakuwachanganya, wa mipira walimwita pilarius, wa kiini macho praestigiator. Hili la pili ndo tamu, maana praestigiae inarudi kwenye kitenzi cha kufunga, na kitenzi hichohicho walikitumia kwa kutia macho kiwi, yaani wao na sisi tunaosema kiini macho tumeangalia palepale, jicho la mtazamaji, sio mfuko wake. (Prestige nayo imezaliwa humo, ilianza kama hila, leo ni heshima.)

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, kwenye barua yake ya 45 anasema vikombe na vijiwe vidogo vya hao wa kiini macho vinadanganya bila kudhuru, udanganyifu wenyewe ndo unamfurahisha, ukimwonyesha inavyofanyika utamu umeisha. Huyu mtu hajaibiwa, amekubali kudanganywa.

Sawa, utaniambia yule wa karata tatu pale stendi naye anatumia vidole vilevile, na nauli yako imeenda. Kweli, na ndo maana jina likachafuka, sikatai.

Lakini angalia Reginald Scot, Mwingereza, mwaka 1584. Wakati huo watu, wengi wao wanawake, walikuwa wananyongwa kwa uchawi, yeye akaandika kitabu The Discoverie of Witchcraft na ndani yake akafumua siri za juggling, mipira, sarafu, karata, mpaka jinsi ya kujifanya umemkata mtu kichwa, ili watu waone hayo yanayoitwa maajabu yanawezekana kwa wepesi wa mikono tu. Kwa hiyo kuitwa juggler hapo halikuwa tusi hata kidogo, ilikuwa ndo njia ya kusema huyu si mchawi, msimnyonge. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland akatoa Daemonologie, kitabu chake cha mashetani na uchawi, akamshambulia Scot kwa jina, na humo ndani akaandika kwamba hizo juggling za karata na dadu ni shetani anawafundisha watu wake.