Kunguru Amenikariri Sura

Leo nimetoka nyumbani na sufuria kichwani. Mtu mzima, suti, tai, viatu vinang'aa, na juu ya yote hayo sufuria, mpini nimeuelekeza nyuma angalau nibaki na heshima kidogo. Anayecheka acheke. Kunguru hajamfikia.

Chanzo chenyewe ni wema. Kinda wake alianguka mtini, akawa katikati ya njia ameachama mdomo mwekundu, na paka wa jirani ameshalala kifudifudi anatikisa ncha ya mkia. Nani angepita tu? Nikamwokota kwa leso nimrudishe kwenye matawi. Mama mtu ndiyo anafika, ananikuta nimemshika mwanawe mkononi. Ungejieleza vipi? Paka alishaondoka zake, anajilamba.

Basi tangu hapo yuko juu ya waya kila asubuhi. Nikigusa komeo tu, kraa! Na hiyo si salamu, anaita ukoo. Wanakuja wajomba, wanakuja mashangazi, na wengine nina hakika hawajui hata kesi inahusu nini, wamefuata kelele tu kama binadamu kwenye ugomvi wa barabarani. Wakishajaa, yeye anashuka. Hashambulii kwa mbele, hana ustaarabu huo. Anazunguka nyuma, ko! kisogoni, anarudi wayani, anafuta mdomo kushoto, anafuta kulia. Anafuta mdomo! Kumbe kisogo changu ndicho kichafu.

Nikavaa kofia, akanijua. Nikavaa koti la shemeji na miwani myeusi, akanijua. Shemeji mwenyewe alipokuja kudai koti lake, akalivaa papo hapo, akapita chini ya waya anapiga mluzi, hakuguswa. Jirani ananiambia, "Pole mzee, labda mna madeni ya zamani." Jirani, paka ni wako!

Nilishaanza kuwaza kurogwa, kumbe wasomi wanalijua jambo hili. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walivaa barakoa ya mtu wa mapangoni wakanasa kunguru saba, wakawavisha pete miguuni, wakawaachia. Kuanzia siku hiyo yeyote aliyepita na barakoa ile alizomewa, awe mwanamume au mwanamke. Barakoa nyingine ya sura ya Dick Cheney, wakati ule makamu wa rais wa Marekani, ikapita kwa amani. Na miaka ilivyosonga wazomeaji waliongezeka, hata ambao hawakunaswa wakajifunza kwa wenzao. Maana yake chuki hii itarithiwa. Nitazomewa nikiwa na mkongojo, na mwenyekiti wa kamati atakuwa yule yule kinda niliyemwokoa mdomoni mwa paka.

Halafu mtu ananiambia, "Achana naye, ni ndege tu." Ndege tu? Kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh, Uskoti, kuna pengwini, Sir Nils Olav, askari wa gadi ya mfalme wa Norwei. Mwaka 2023 amepandishwa kuwa meja jenerali. Barua yangu mimi ya kupandishwa cheo iko kwenye meza ya bosi, imewekewa birika juu. Japani paka Tama alikuwa mkuu wa stesheni ya Kishi tangu 2007, na kofia yake ya kazi. Nyani Jack aliongoza ishara za reli kule Uitenhage, Afrika Kusini, kuanzia 1881 hadi 1890, kwa senti chache kwa siku na nusu chupa ya bia kwa wiki, na anasifiwa kwamba hakukosea hata mara moja. Mimi juzi nimepewa fomu nijieleze kwa nini nachelewa. Niandike nini pale? Kunguru?

Shemeji anasema nipambane. Australia walipambana, 1932, wakatoa wanajeshi na rashasha mbili dhidi ya emu, ndege wakubwa mfano wa mbuni, waliovamia ngano. Emu wakatawanyika kila upande, risasi zikaisha kwa maelfu, jeshi likaondoka na emu wakabaki na mashamba. Mimi nina sufuria.

Zamani angalau ungekwenda mahakamani. Falaise, Ufaransa, mwaka 1386, nguruwe jike alihukumiwa kwa kuua mtoto, akanyongwa hadharani. Na Basel, Uswisi, 1474, jogoo alishtakiwa kwa kutaga yai, akachomwa moto yeye na yai lake. Jogoo! Sasa aliyemwona anataga ni nani, na bandani alikuwa anatafuta nini saa hizo? Na karani aliyesimama kusoma, "Wewe jogoo, unashtakiwa kwamba ulitaga," alimaliza sentensi kweli? Halafu na yai nalo. Yai lilikosa nini?