Nyumba ya aliyekwisha kuanguka mara moja

Mwezi wa saba, asubuhi ya Uyole, Mbeya, ina baridi ya kukunja vidole. Gari la matangazo lilisimama mbele ya geti la jirani yangu, akashuka kijana ameshika kopo la gundi, akabandika karatasi: nyumba itauzwa kwa mnada baada ya siku 14, mnunuzi alipe robo ya bei papo hapo. Mwenye nyumba alikuwa uani, mswaki mdomoni. Hakusema kitu.

Historia yake mtaa mzima tunaijua. Soko la Sido lilipoungua mwaka 2017, duka lake la vipuri liliteketea, mkopo ukabaki mzima. Aliuza pikapu, akauza shamba la mpunga Kyela, akamalizana na wadai nusunusu. Tukasema amefilisika. Neno hilo tunalitumia ovyo kidogo. Kisheria mufilisi ni mtu aliyetangazwa hivyo na mahakama, mali yake ikawekwa chini ya msimamizi. Hata RITA, tunayoikimbilia kwa vyeti vya kuzaliwa, jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na ni wachache wanaokwenda pale kwa hilo neno la katikati. Wengi hufilisika kimyakimya, ila madeni yao hubaki kwenye kumbukumbu ambazo benki huzipekua kabla ya kukopesha.

Jambo ambalo watu hawalioni ni hili: katika anguko lile la kwanza, hakuna aliyeigusa nyumba. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinakataza kukamata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake ili kukazia hukumu ya deni la kawaida. Lakini ukiiweka rehani, kinga hiyo umeivua mwenyewe kwa saini yako. Na hata ukitangazwa mufilisi baadaye, aliyeshika rehani hasubiri foleni na wadai wengine.

Sasa mtu aliyeanguka, kama jirani yangu, anarudi kutafuta mtaji. Afisa mikopo anafungua kompyuta, anaona ya nyuma, anauliza swali moja tu: una hati? Kinga inaombwa kwa yule anayeihitaji zaidi, siku ambayo hana nguvu ya kukataa. Ndiyo maana wapo wanaotaka nyumba za kuishi zisiwekwe rehani kabisa kwa watu wa namna hii.

Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa au mpasua mbao wa Mafinga hana hisa wala amana. Alichonacho ni ile nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi. Mzuie kuiweka rehani, ataishia kwenye mikopo ya mtaani ya kausha damu, ambako hakuna notisi wala mnada, kuna vijana wanaokuja kubeba friji na kitanda. Benki nayo inakopesha akiba za watu, wakiwemo walimu na wakulima wa viazi wa Njombe. Ikishindwa kuuza dhamana, mkopo unaofuata utakuwa wa riba kubwa zaidi, au hautakuwepo.

Ninachogombana nacho ni ridhaa. Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila mwenza kuridhia. Mke wa jirani yangu aliridhia, karatasi ipo. Nilipomuuliza alielewa nini, akanijibu, “Nilionyeshwa pa kusaini, kaka. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu.” Hiyo ni saini, na mahakamani huenda ikatosha. Mimi naona mwenza angeitwa peke yake, bila mume chumbani, aambiwe kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba marejesho yakikwama wanahama.

Kosa la upande wa pili nalo lisifichwe. Mkopaji hupewa siku 60 tangu apokee notisi ya kushindwa kulipa kabla mkopeshaji hajaanza kuuza. Siku hizo mtu anaweza kuomba apangiwe marejesho upya, au atafute mnunuzi mwenyewe kwa makubaliano na benki, na mnunuzi aliyekaribishwa chai sebuleni hutoa bei nzuri kuliko wanaokutana getini wakijua mwenye nyumba kabanwa. Nyundo ikishagonga, sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Anayelalamika mara nyingi anabaki kudai fidia, huku nyumba ikiwa imekwenda.

Aliyewahi kuanguka ndiye anayezipoteza siku hizo kuliko wote, kwa sababu anaijua ile aibu. Notisi ya jirani yangu, mkewe aliikuta kwenye droo, chini ya risiti za vipuri. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa.